Punje za Njano Katika Shamba la Bibi

“Mwalimu, hilo vumbi halina akili wala miguu. Linajuaje njia?”

Aliyeniuliza alikuwa msichana wa kidato cha pili, amesimama katikati ya shamba la shule na hindi changa tulilolimenya dakika ile. Nilikuwa nimetoka kuwaeleza kwamba kila unywele unaochungulia nchani mwa hindi umeshikana na punje moja tu huko ndani, wala si mbili. Na kwamba chembe ya vumbi la mbelewele, lile ua linalokaa juu kabisa ya mhindi, ikidondokea unywele huotesha mrija, na mrija hushuka ndani ya unywele, safari yote gizani, mpaka uifikie punje. Chuo kikuu nilikuwa nimeuchora mrija huo na kuuandikia majina ya sehemu zake. Nilibishana na wahadhiri, nikabishana na masheikh wa mtaani kwetu Ujiji, nikabishana na mama yangu kuhusu karibu kila kitu. Hilo la njia sikuwahi kuliuliza.

“Sijui,” nikamwambia.

Darasa likacheka, kama watu wanavyocheka wakimwona mtu mzima ameteleza kwenye tope na kuinuka. Yeye hakucheka. Alianza kutenganisha nywele za hindi moja moja, akizifuata kwa kidole hadi kwenye punje, ambazo wakati huo zilikuwa bado malengelenge madogo ya maji. Nikainama pembeni yake. Zilijipanga mistari iliyonyooka, kila moja na uzi wake, kana kwamba mtu amekaa humo ndani na sindano. Nilisahau kwamba kipindi kilikuwa na mwisho.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, mbele ya Mwandiga, nje kidogo ya barabara ya Kasulu. Mvua ikishasafisha anga tuliliona ziwa upande wa machweo, na ng’ambo yake milima ya Kongo. Barabarani yalipita malori. Mengine yalibeba magunia ya chakula cha msaada, mengine yalibeba watu walioshuka mitumbwini huko mwambaoni na virago vyao, wanapelekwa kambini. Ilikuwa ile miaka Burundi inawaka, na hakukuwa na kijiji kwetu kisicho na mgeni.

Mimi nilikuwa mtoto wa muuza mawese. Nilijua bei ya migebuka na namna ya kuanika dagaa. Jembe nililijua kwa kuliona. Lakini maabara tuliyopewa ilikuwa chumba chenye meza moja, hadubini iliyopoteza kioo chake, na chupa ya asidi ambayo kibandiko chake kilikuwa kimeliwa na asidi yenyewe. Nikaona afadhali shamba. Mpini wa jembe ulinifaa kufundishia nyenzo. Tuta moja tulilitia majivu ya jikoni, la jirani tukaliacha vilevile, tukangoja mimea itwambie tofauti. Wazazi wengine walikuja kulalamika. “Mwalimu, kulima wanakujua tangu tumboni. Tumewaleta wasome.” Niliwajibu kwamba ndicho wanachofanya, nao waliondoka wakitikisa vichwa.

Mbegu za shule zilitoka kwa bibi mmoja ambaye shamba lake lilipakana na letu. Alikuwa mjane, Mha wa palepale, mrefu, na sauti yake iliweza kumwita mtu kutoka bonde la pili. Mahindi yake yalikuwa meupe kama maziwa, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Kila mavuno alichagua mahindi mazuri, akayafunga mawili mawili kwa maganda yao, akayatundika juu ya mafiga ili moshi uyafukuzie wadudu. Mbegu hiyo hakuiuza. Ilikuwa desturi ya watu wa pale kwamba mbegu huombwa, na ukiomba umemfanya unayemwomba kuwa mzazi wako. Tena huombwa mara moja tu. Ukishapewa, ni juu yako kuitunza miaka yote. Kurudi kuomba tena ni kutangaza kwamba ulikabidhiwa mtoto ukampoteza. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuiombea shule, na tangu siku hiyo bibi alimwita “mwanangu” mbele ya wanafunzi, jambo lililowafurahisha kupita kiasi.

Asubuhi moja, mahindi ya shambani kwake yakiwa yamekaribia kukomaa na yetu ya shule, tuliyochelewa kuyapanda, yakiwa ndiyo kwanza yanajiandaa kutoa mbelewele, bibi huyo alikuja na mzigo wa mahindi ndani ya kanga. Aliumwaga juu ya meza yangu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyesoma. Tazama meno haya. Mahindi yangu yameanza kuvuta tumbaku?”

Nilitazama. Yalikuwa mahindi meupe, lakini katikati ya weupe huo zilikaa punje za njano, mbili hapa, tano pale, na hindi moja lilikuwa na njano karibu upande mzima.

“Tangu mama yangu, na mama yake, hatujaona hii,” akasema. “Nimepanda nyeupe, navuna madoa. Watu wanasema mengi.”

Waliyokuwa wakisema nilikuwa nimeshayasikia kisimani. Chini ya shamba lake, karibu na kijito, bibi alikuwa na kipande alichomwazima mama mmoja Mrundi. Mama huyo alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, katika mbio za zamani, akakulia kijijini, akazalia hapo. Karatasi hakuwa nayo. Sasa ilisemwa kwamba anapita pembezoni mwa shamba la bibi jioni akinong’ona, na kwamba anayatia mahindi rangi ili rutuba ihamie kwake. Binti yake mkubwa alikuwa ndiye yule mwanafunzi wangu wa maswali.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja bibi akiwa bado hajaondoka, akaegemeza baiskeli yake ukutani. Hakuwa mtu mbaya.

“Mimi uchawi siujui,” akasema, “lakini maneno nayajua. Maneno yakishika moto hayazimwi kwa ndoo. Nimeambiwa niwatoe wote wasio na karatasi, nami nilikuwa nafumba jicho. Sasa sitaweza. Gari la kambini litapita msimu ukiisha. Mama yule apande na wanawe, kijiji kitulie.”

“Kwa sababu ya punje za njano?” nikauliza.

“Mwalimu, watu wameshafukuzwa kwa madogo kuliko hayo.”

Nilikasirika hata nikashindwa kukaa. Nilijua, au nilidhani najua, kilichotokea. Njano ni rangi ya mahindi ya msaada. Mahali fulani karibu, mtu alikuwa amepanda njano. Nikasema nipewe muda mpaka mahindi ya shule yakomae, nami nitaonyesha mbele ya kila mtu kwamba hakuna aliyenong’ona kitu.

“Na ukikosea?” bibi akauliza.

“Nikikosea nitasema nimekosea, mbele yao hao hao.”

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. “Haya.”

Baada ya kipindi binti yule alibaki nyuma akifuta ubao uliokwisha kufutwa.

“Mwalimu, ya kwetu ni ya njano,” akasema bila kugeuka. “Mama mdogo ndiye aliyetuletea, kutoka kambini. Mama amekataza tusiseme.”

Nilishuka naye hadi kijitoni. Mama yake alikuwa akipalilia. Mimea yake ilikuwa imepandwa kwa mafungu, kila posho ya kambini ilipofika na fungu lake, kwa hiyo mingine ilikuwa imekauka na mingine ndiyo kwanza inatoa mbelewele. Nilimweleza ninachotaka kufanya, na kwamba nitahitaji vumbi la mimea yake.

“Ukisema ni njano, watajua,” akasema.

“Watajua nini, mama?”

Alipalilia mstari mzima, akafika mwisho, akarudi. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, ule unaopanda mlima jua likishapanda, na nikaona kwa macho yangu vumbi la njano likitoka kwenye mbelewele zake kama moshi mwembamba na kuelekea juu, moja kwa moja, kwenye shamba la bibi. Nilisimama pale mdomo wazi. Nilikuwa nimesoma habari hiyo vitabuni, lakini sikuwahi kuuona upepo ukifanya kazi yake.

“Sema,” mama akasema hatimaye. “Uchawi ni mbaya zaidi.”

Tuliomba karatasi za mifuko ya saruji kwa mafundi waliokuwa wakijenga vyoo vya shule, tukazikata na kuzishona vijifuko. Kabla nywele za mahindi hazijachungulia, tulivalisha mahindi kadhaa ya shamba la shule vijifuko hivyo na kuvifunga kwa kamba za mgomba. Nilieleza sababu: mbelewele ndiyo baba, hindi ndilo mama, na hatutaki baba yeyote afike bila sisi kumjua.

Mkono ukanyooka nyuma. “Mwalimu, kwa hiyo kwa mahindi mwanamke ndiye mwenye ndevu?”

“Ndiyo.”

“Na mwanamume yuko juu, hana kazi, anapunga upepo?”

“Kama baba yako,” mwenzake akamwambia, na kipindi kikawa kimeharibika kwa muda.

Asubuhi, umande ukishakauka, wasichana walitikisa mbelewele juu ya ungo. Vumbi lilianguka laini, rangi ya njano iliyopauka, iwe la mahindi meupe au la njano. Kwa macho huwezi kulitofautisha. Hilo nalo liliwashangaza, nami pia. Hindi moja tulilipaka vumbi la mahindi meupe upande mmoja tu wa ndevu zake, na ndevu za upande wa pili tukazikata. Jingine tulilipaka vumbi la kijitoni. Jingine tuliliacha ndani ya mfuko, bila kitu. Kila lililopakwa lilirudishiwa mfuko wake.

Kisha tukangoja. Nilikuwa na umri ambao kungoja ni adhabu. Kila asubuhi nilipita shambani nikavigusa vile vijifuko, nikijizuia nisichungulie. Malori yalipita chini. Mwanafunzi wangu aliendelea kuuliza. Kwa nini unywele ukishapata vumbi hunyauka? Kwa nini wa chini hutoka kwanza na wa nchani mwisho? Mengine nilijua, mengine nilikwenda kutafuta katika vitabu vyangu, na mengine hayakuwamo. Jioni mama yake alikaa nyumbani. Alikuwa ameacha kupita njia ya shamba la bibi.

Siku tuliyoyavunja, walikuja watu wengi kuliko niliowategemea. Bibi alikalia kiti cha mwalimu mkuu kilichotolewa nje. Mwenyekiti alisimama. Mama Mrundi alisimama mbali, nyuma ya wanafunzi, mikono ndani ya kanga.

Nilianza na lile ambalo halikupata vumbi. Nilimenya ganda baada ya ganda. Ndani lilikuwa gunzi tupu, jeupe, laini, limezungukwa na nywele ndefu zilizokuwa bado mbichi, zimekua na kukua ndani ya mfuko zikitafuta. Hakukuwa na punje hata moja. Mtu mmoja akasema, “Yesu wangu.” Sikuwa na neno bora kuliko hilo.

La pili lilikuwa na punje upande mmoja, nyeupe, zimejaa, na upande wa pili mtupu kama ukuta. Mpaka kati ya pande hizo ulikuwa umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Nilipoonyesha ni upande gani tuliukata ndevu, bibi aliinuka kitini akalichukua hindi mwenyewe. Alipitisha kidole gumba juu ya punje, akakivusha upande wa pili, akakirudisha.

La tatu nilimpa binti alimenye. Ganda la mwisho lilipofunguka, punje zote zilikuwa njano, njano ya siagi, mstari kwa mstari, katika hindi lililozaliwa na mbegu nyeupe ya bibi, ambalo mama wa binti hakuligusa hata siku moja.

Nimeshaona mengi tangu siku hiyo, na baadhi nimeyaona kwa mashine za gharama kubwa. Sijaona tena watu wazima wakisongamana namna ile mbele ya hindi moja.

“Ni upepo,” nikasema. “Upepo umelibeba vumbi kutoka kijitoni kulipandisha kwa bibi. Hakuna aliyenong’ona, hakuna aliyepaka rangi.”

“Kwa hiyo,” bibi akasema polepole, “madume ya kijitoni ndiyo yaliyopanda mlima kwa wake zangu.”

Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, nikidhani tumemaliza.

“Basi ni yeye,” bibi akasema.

Kicheko kikakatika.

“Si uchawi, nimeona. Lakini njano imetoka kwake. Ndivyo ulivyotuonyesha, mwalimu, au sivyo?”

Ndivyo nilivyoonyesha, na kwa ushahidi ambao mtu yeyote angeushika mkononi. Nilikuwa nimemwondolea yule mama kosa lisilokuwapo, nikamthibitishia lililokuwapo. Mwenyekiti alitazama chini kama mtu aliyeona hesabu imetoka alivyoogopa. Nikaanza kusema kuhusu kupanda kwa nyakati tofauti, kwamba mashamba mawili yasipochanua pamoja hayawezi kuchanganyika, lakini hakuna aliyenisikiliza. Bibi alikuwa amegeukia nyuma ya wanafunzi.

“Wewe. Njoo hapa.”

Mama alikuja.

“Nani hupanda posho? Ile ni ya kusaga. Mbegu niliyokupa mwaka ule unaniomba ardhi, iko wapi?”

“Mama…”

“Iko wapi?”

“Tuliila, mama.”

Aliisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia. Ndipo nilipoelewa kwa nini alipalilia mstari mzima bila kunijibu.

“Mdogo wangu alivuka na watoto,” akasema. “Walikaa kwangu kabla hawajapelekwa kambini. Yale mahindi ya juu ya moshi, niliyatazama siku nyingi. Halafu nikayateremsha. Watoto wale walikuwa wanalia hata wakiwa wamelala.”

“Kwa nini hukuja kwangu?”

“Mbegu haiombwi mara mbili, mama.”

Bibi alijifunga kanga upya, akaondoka kwa hatua zake ndefu kuelekea kwake. Tulidhani ndiyo hasira. Mwenyekiti akaanza kusukuma baiskeli. Mimi nikabaki nimeshika gunzi tupu kama mtu asiyejua pa kuliweka. Binti alikwenda kusimama karibu na mama yake, wala hawakutazamana.

Bibi alirudi na mahindi mawili yaliyofungwa kwa maganda, meusi kwa masizi, yananuka moshi. Akamwekea yule mama mikononi, yeye akayapokea kwa mikono miwili huku amepiga magoti.

“Mama, sikuomba,” akasema. “Sikuomba.”

“Kweli. Mimi sikumsikia mtu yeyote hapa akiomba,” bibi akajibu. “Mwenyekiti, wewe ulisikia?”

Mwenyekiti alikohoa. “Bibi, na lile gari?”

“Gari lipite. Si mwalimu amesema ni upepo? Basi uandikishe upepo, uupakie, uupeleke kambini.”

Walicheka tena, safari hii kwa muda mrefu, na mwenyekiti akacheka mwisho, akifuta jasho shingoni. Hakuna sheria iliyokuwa imebadilika. Alikuwa amepata tu sababu ya kufumba jicho lile lile, na watu wa kumsaidia kulifumba. Gari lilipopita mwishoni mwa msimu, mama Mrundi alikuwa kijitoni akiandaa matuta.

Usiku ule nilikaa na vitabu vyangu nikaona havinisaidii. Nilikuwa nimekwenda pale kuthibitisha, nikathibitisha, na uthibitisho wangu ungempandisha mtu kwenye lori. Kilichomwokoa ni mahindi mawili yenye masizi na sikio lililokataa kusikia. Sikuacha kuamini ninachofundisha. Niliendelea kushangazwa nacho kila siku niliyoingia shambani. Lakini nilianza kujiuliza, nikiwa na ushahidi mkononi, nani atausomaje.

Mahindi yenye madoa bibi hakuyataka nyumbani. Aliyatenga asije akayachanganya na mbegu, na kwa kuwa pale kijijini njano iliitwa chakula cha kambi, hakuna jirani aliyeyapokea. Aliyapeleka yote kijitoni, kapu baada ya kapu. Nilikuwa nikiwaona wadogo zake binti yule wakiyachoma jioni, wakichokoa punje za njano kwanza na kuzila, kisha nyeupe. Niliwauliza kwa nini. Wakasema tu ni tamu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha kufundisha, nilijifunza kwamba ndani ya rangi ile ya njano mna kitu ambacho mwili wa mtoto hukigeuza kuwa vitamini A, inayoyalinda macho yake yasipoteze nuru giza linapoingia, na kwamba katika mahindi meupe kitu hicho ni kama hakimo.